Miguu Imevuka Mpaka

Siku ambayo Obitre hakurudi, ugali wake wa muhogo ulikaa umefunikwa mpaka ukakauka. Alikuwa ametoka gulioni Ariwara, Kongo, na gunia la sabuni begani. Alivuka mpaka salama. Karibu na Koboko, upande wa Uganda, giza likianza kuingia, lori lilimgonga kwa nyuma.

Matangani watu walinong'ona: "Alilewa huyo." Mkewe, Driwaru, aliwasikia. Obitre hakuwahi kuonja pombe.

Mwezi haujaisha, Eyotaru, dada wa marehemu, akajitwika beseni.

"Wifi, unaenda wapi?"

"Ariwara. Watoto wa kaka watakula machozi?"

Driwaru akamshika mkono. "Barabara imekula kaka yako. Unataka ikule na wewe?"

Sauti zao zilimleta jirani, Mzee Sule, aliyeendesha malori miaka mingi.

"Eyotaru, kule Ariwara unatembea upande gani?"

"Kushoto. Gari naona inakuja mbele."

"Vizuri. Na huku?"

"Kushoto tu. Barabara si ni moja, mzee?"

Sule akatikisa kichwa. "Kongo gari inashika kulia. Huku kwetu inashika kushoto. Ukibaki kushoto huku, gari inakuja mgongoni. Na beseni iko kichwani, shingo itageuka?"

Eyotaru akacheka bila furaha. "Kumbe miguu imevuka mpaka, macho imebaki Kongo!"

"Ndiyo hivyo. Huku tembea kulia, nje ya lami. Ukitaka kuvuka barabara, simama. Angalia kulia kwanza, halafu kushoto, halafu kulia tena. Jioni vaa nguo nyeupe. Nguo nyeusi, dereva anaiona akiwa amekwisha fika."

Driwaru aliketi kizingitini. "Basi hakulewa," alisema polepole.

"Hakulewa, mama. Alitembea vile alizoea."

Driwaru aliingia ndani. Alitoka na shati jeupe la Obitre, lile la kanisani.

"Vaa hii, wifi. Ukifika mpakani, tua beseni upumzike. Ukijitwika tena, shika kulia."

Siku hizi wachuuzi wa mtaa wao hutua mizigo mpakani, kisha hushika upande wa kulia. Siku za gulio Eyotaru hurudi kabla ya giza, na ugali huliwa ungali moto.