Debe Moja Bado

Saadi alikuwa akifunga kamba za viatu vyake vya kazi aliposikia kata ya mkewe ikigonga udongo mkavu ndani ya mtungi. Jioni iliyopita Zuena aliujaza mpaka shingoni, maji ya kuchota mbali, na mgongo ulikuwa bado unamuuma. Sasa aliuinua kwa mkono mmoja, ukaja mwepesi kama ganda la karanga. Kitakoni palikuwa na tundu la duara, kiasi cha punje ya hindi, kingo zake laini kama zimesuguliwa. Zuena akamtukana kidogo mfinyanzi aliyemuuzia, akaukalisha mtungi ukutani. Saadi yeye aliitazama sakafu. Maji yote yale yalitoka, na vumbi la sakafuni lilikuwa limetulia kavu, halina hata doa.

Basi wakasema ni mtungi mbovu. Lakini baadaye kikaja chungu cha kunde, mchuzi wote ukatoka na moto chini haukuzimika, kunde zikaungulia, kutazama, tundu. Kikafuata kibuyu cha uji. Likafuata bakuli la bati alilotunzwa Zuena siku ya harusi, na bati halipasuki lenyewe. Ikafuata birika. Jirani yao Lusia, mtu wa maneno, akamwambia Zuena ukutani, "Huyo mke mwenzio anakuja na msumari, mwenzangu. Mwulize mumeo, Bwana Afya, amemficha wapi." Wakacheka wote wawili, ila Zuena alicheka huku anaangalia chini.

Kilichosalia kizima nyumba nzima ni debe. Debe la mafuta ya taa, limekatwa mdomo likapigwa nyundo vizuri, linang'aa ungejitazama humo ukafunga kilemba. Saadi alimletea mkewe alipokaribia kujifungua binti yao Mwamina, akamwambia amelinunua dukani. Vyombo vingine vilipokufa, debe likawa ndilo mtungi, ndilo karai. Mtoto naye alikalishwa humohumo kuogeshwa, kichwa kimetokeza juu, anapiga maji kwa viganja na kucheka. Wakilipenda debe lile kama mtu wa nyumbani.

Miaka ile Nachingwea ilikuwa imejaa wazungu wa mradi wa karanga. Matingatinga yakinguruma mchana kutwa, msitu unalala chini, na watu wametoka kila upande kutafuta kazi. Wazungu wale walikula vya kopo: nyama ya kopo, maziwa ya kopo, hata viazi, Mungu anisamehe, viazi vya kopo. Kwa hiyo jalala lao lilikuwa mlima wa makopo, upande wa njia ya Kiegei, kwenye mahame ya watu waliohama zamani, hakuna aliyekumbuka ni akina nani. Na mwangalizi wa jalala alikuwa Saadi. Watu walimwita Bwana Afya. Kazi yake kupita kuona sheria inafuatwa: taka zichomwe, majivu yafukiwe, na kila kopo, kila debe, kila pipa litobolewe kitako lisituamishe maji ya mbu. Na mtu asichukue kitu chochote pale, hata kifuniko.

Kipriani, mnyapara wa jalala, Mmakonde aliyevuka Ruvuma, alimwuliza siku ya kwanza kopo limekosa nini mpaka lichomwe sururu.

"Litazaa mbu," Saadi akasema.

"Haya jamani," Kipriani akawageukia wenzake, "leo tumekuwa wakunga wa mbu." Wakatoboa wanacheka.

Saadi hakucheka. Alikuwa mkali kwa sababu mkaguzi mzungu wa Lindi angeweza kutokea siku yoyote, na kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake na wadogo zake. Wanawake waliokuja kuokota makopo aliwanyang'anya akayatoboa mbele ya macho yao. Kisha siku moja akaliona lile debe, halina hata kutu, limetupwa na kifuniko chake. Akamfikiria Zuena na tumbo lake kubwa na njia ya kisimani. Akatazama huku, akatazama kule, akalifunika kwa koti la mvua, akaondoka nalo.

Sasa ndipo Mwamina akaanza kunyonya bila kushiba. Ananyonya asubuhi, ananyonya mchana, maziwa ya mama yanakauka na yeye midomo inatafuta. Mashavu yakamwanguka. Na mkeka wake ukawa unalowa, si mkojo, maji tu, meupe, ya baridi, yananuka bati lililoungua. Dresa wa zahanati akampa dawa ya kunywa, ikapita ilivyopita. Zuena akawa anambeba mgongoni na mgongo wote wa gauni unalowa njia nzima, akafika nyumbani anatetemeka wakati jua linachoma.

"Baba Mwamina," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, maana alianza kuogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, "mtoto huyu anavuja."

Saadi alimwambia asiseme maneno ya namna hiyo. Akaenda kazini na maneno yale tumboni.

Ilikuwa adhuhuri, wafanyakazi wamekwenda kula, naye alibaki peke yake apite mara ya mwisho kabla mkaguzi hajafika kesho yake. Jua lilikuwa limesimama utosini, hata ndege hawalii. Aliposhuka upande wa pili wa jalala akaona makopo, ambayo siku zote hutupwa ovyo yakalala ubavu na kifudifudi, leo yamekalishwa, kila moja limekaa kitako, madogo mbele na makubwa nyuma, yamezunguka mahali pamoja patupu kama watu wanavyopanga vyombo kuzunguka pa kukaa mwenye shughuli. Akadhani Kipriani anamfanyia utani. Akafungua mdomo aite, na hapo akasikia maji, to, to, to, mahali ambapo hapakuwa na tone la maji tangu masika, yakidondoka kutoka kopo hadi kopo, mbali kwanza, halafu karibu, halafu chini ya miguu yake, na pamoja na maji harufu ya bati lililoungua, ileile ya mkeka wa mwanawe, na pamoja na harufu pumzi ya mtu anayekunywa kwa pupa na asipate kitu, anayefyonza chombo kitupu, na ile pumzi ikapanda kupitia matundu yote yale aliyoyaamrisha yeye, maelfu ya midomo midogo, ikakusanyika ikawa sauti ya kikongwe isiyo na haraka.

"Kimoja bado."

Alifika nyumbani bila kiatu kimoja.

Hakusema alichokisikia. Lakini Zuena alikuwa amekwisha kumwita Bibi Mwantumu wa Mkotokuyana, mganga aliyejulikana mpaka Ruangwa. Saadi akaona haya kumtazama, kwani mwaka uliopita alikwenda kukagua kwake, akakuta mitungi ya dawa ina viluwiluwi vya mbu, akaimwaga yote uani.

"Karibu nyumbani kwako, Bwana Afya," bibi akamwambia, amekaa mkekani na ugoro kiganjani. "Mimi choo changu umekinusa. Leo nimekuja kunusa kwako."

Saadi akamwomba amsamehe, amtazame mtoto. Bibi akamshika Mwamina, akambonyeza utosi, akanusa ule unyevu. Zuena akauliza kwa kunong'ona kama ni jini.

"Jini wa pwani angetaka ubani na marashi, mwanangu. Huyu ni mtu wa humuhumu ardhini. Huyu ana kiu." Akavishika vile vyombo vyenye tundu kimoja kimoja, akachungulia jua kupitia kila kimoja, akatikisa kichwa. Alipofika kwenye debe akaligonga kwa ukucha. Likaitika kwa sauti ndefu. "Hili limetoka wapi?"

"Dukani," Saadi akasema.

"Sema tena. Mtoto anakusikia."

Mwamina alikuwa amemkodolea macho baba yake, midomo inafyonza hewa. Saadi akainama. Akasema limetoka jalalani, na alilichukua yeye, na mengine yote yametobolewa kwa amri yake.

Zuena ndiye aliyefahamu kwanza, kwa sababu kazi ile kwao ni ya wanawake. Mtu akifa, chombo chake hupelekwa juu ya kaburi, na wanawake hukitoboa kitako, ili kiwe cha upande ule, na wa upande huu asikitamani. Yeye mwenyewe alitoboa bakuli la mama yake. Jalalani hakuwahi kufika, hakujua wanayoyafanya kule.

"Umemwekea mtu aliyezikwa kule mahameni vyombo vya msiba wa mji mzima," akamwambia mumewe taratibu, machozi yanamtoka bila sauti. "Kisha ukamwibia kimoja. Nami nikamtia mwanangu humo."

Bibi akaeleza la kufanya. Aliyechukua arudishe mwenyewe. Alipeleke debe lina maji, apige magoti pale patupu, ainyweshe ardhi kwa viganja vyake mpaka maji yaishe, kisha ndipo alitoboe.

"Mnyweshe kwanza," akarudia, amemshika Saadi mkono. "Ukitoboa hujamnywesha, utakuwa umempa chombo na kiu yake. Na chochote utakachosikia, usiusimamishe mkono wako."

Mtoto hakuwa wa kusubiri. Kulipopambazuka alikuwa hata halii tena, anafungua mdomo tu. Saadi akajitwika debe lile lenye maji kichwani kama mwanamke, watu wakimtazama njiani, akafika jalalani kabla ya wafanyakazi, akapiga magoti. Alichota viganja vya kwanza. Hakudiriki kuvimwaga. Gari lilishuka barabarani, na mkaguzi wa Lindi, aliyetarajiwa mchana, akateremka na fimbo yake, na nyuma yake Kipriani na watu wote wa kazi wanakimbilia.

Hapo, wanangu, mtu anajulikana. Mbele ya Saadi mzimu, nyuma yake mzungu, na kati yao debe zima limejaa maji katikati ya jalala, kosa lenyewe alilowekwa pale kulizuia. Akaona kazi yake inakwenda, mama yake na wadogo zake wanakwenda nayo. Mikono ikafanya ilichozoea. Akaliinamisha debe nyuma yake haraka, maji yote yakamwagika kando, kwenye changarawe, akalisimamisha tupu kama kwamba amelikuta hapo.

Mzungu akapita akitazama, anaridhika, anagusa makopo kwa fimbo kuona matundu. Akafika kwenye debe. Akaligeuza kitako kwa ncha ya fimbo, akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu, "Hili moja bado."

Saadi akapewa sururu. Akaiinua, na kutoka ndani ya lile debe tupu akasikia Mwamina anacheka, akipiga maji kwa viganja, vilevile anavyocheka akiogeshwa, halafu kicheko kikakatika kikawa kilio, kilio cha mtoto aliyeona kinachomjia. Akaishikilia sururu hewani. Akadhani ni yeye peke yake, mpaka Kipriani, aliyesimama bega kwa bega naye, akamsogelea sikioni, uso umemgeuka majivu.

"Bwana Afya," akanong'ona, "ndani mna mtoto."

Mzungu akauliza wanangoja nini. Kilio kikapanda, kikawa kinaita, na mtoto yule hakuwa hata na umri wa kuita, kinaita baba, baba, na Saadi akafumba macho akakumbuka mkono wa bibi ulivyombana, akapiga. Bati likapasuka. Kilio kikakoma.

Alikimbia mpaka nyumbani mkaguzi akimwita nyuma. Mlangoni akasimama, kwa sababu ndani hapakuwa na sauti yoyote. Kisha akamsikia mkewe.

"Amenikojolea," Zuena alikuwa anasema, analia na kucheka pamoja. "Baba Mwamina, njoo uone, amenikojolea, mkojo wa moto kabisa."

Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, tumbo limejaa kama ngoma. Saadi akakaa chini penye ule mkojo, akashika vile vidole vidogo. Bibi Mwantumu alikuwa anafunga mkoba wake. Akamtazama.

"Ulimnywesha?"

Zuena alikuwa anamtazama pia, na uso wa furaha ambao Saadi hakuuona tangu mambo yaanze.

"Nilimnywesha," Saadi akasema.

Bibi akavuta ugoro, akaondoka.

Karanga zilishindikana, wazungu wakaenda zao, jalala likaota nyasi. Saadi akahamishiwa Ruangwa. Mwamina akakua, msichana mwenye afya, anakula, anaimba. Kazi zote alifunzwa ila moja: baba yake hakutaka atumwe kisimani. Akiulizwa sababu, alisema njia ina nyoka. Wenzake walimcheka kwamba ataolewa na kuchotewa maji na mumewe. Siku moja Zuena hajiwezi kwa homa, baba kazini, mtoto akachukua debe jingine la nyumbani akaenda.

Saadi alimkuta anaingia uani, debe kichwani, shingo imenyooka vizuri, anajivuna. Akalipokea. Likaja jepesi kama ganda la karanga. Akaligeuza akalielekeza juani, akatafuta mwanga upite. Halikuwa na tundu. Gauni la mtoto lilikuwa kavu, na njia aliyopita ilikuwa vumbi tupu mpaka mwisho wa macho.

"Umechota, mwanangu?"

"Nimechota mpaka juu, baba," Mwamina akasema, anajifuta jasho. "Ila yule bibi kikongwe tuliyeongozana naye alikuwa na kiu sana. Anasema wewe wamjua. Anasema turudi tena."