Jumanne Aliyoificha Dorkas

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorkas hukaa ukingoni mwa kitanda na kuvaa mguu wake. Kwanza huvuta soksi nene ya pamba juu ya kigutu, yaani sehemu iliyobaki chini ya goti la kulia tangu alipoumwa na nyoka shambani akiwa na miaka sita. Kisha hutumbukiza kigutu kwenye kikombe kigumu cha plastiki kilicho juu ya mguu wa bandia, husimama, na kuuegemea taratibu mpaka uitike.

Nje, ukungu wa Suji, kijiji chao katika milima ya Upare, huwa bado umelala juu ya migomba. Dorkas alipenda sana kutembea katika ukungu ule. Hakuna aliyeona miguu ya mwenzake, na yeye mwenyewe alijiona kama anaelea. Siku hizo alikuwa na la kuwazia zaidi. Darasa la sita lilikuwa likijiandaa kupanda kilele cha Shengena, na mwalimu alikuwa amesema kuwa anga likiwa safi, kutoka kule juu huonekana hata theluji ya Kilimanjaro. Dorkas alishapanda mlima huo mara nyingi kichwani mwake, kwa miguu yake miwili, bila kuchoka.

Tatizo lilikuwa moja. Dorkas alikuwa amefikisha miaka kumi na miwili, na mwili wake ulikuwa ukikua haraka. Kikombe kilichomtosha vizuri mwaka uliopita sasa kilimbana. Sehemu ya mbele ya kigutu ilianza kuwa nyekundu, kisha ikachubuka. Aliweka kipande cha khanga kuukuu ndani ya soksi, akanyamaza.

Jioni moja ujumbe uliingia kwenye simu ya Bibi Kaanaeli, aliyemlea. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, na maandishi madogo hakuweza kuyaona.

"Nisomee, mjukuu wangu."

Dorkas aliusoma kimyakimya kwanza. "Dorkas aje kliniki Same, Jumanne saa tatu asubuhi. Asteria." Asteria ndiye mtaalamu wa viungo bandia na viti vya magurudumu aliyemtengenezea mguu ule, na watu wote walimwita daktari. Angekiona kidonda. Angeuchukua mguu. Na safari ya Shengena ilikuwa imebakiza siku kumi tu.

"Wamesema kliniki imesogezwa, bibi," alisema. "Hadi mwezi ujao."

"Haya. Basi tutamalizia kupalilia maharage," bibi akajibu, akaiweka simu chini bila shaka yoyote.

Jumanne ikapita. Jumatano Dorkas alienda shule akichechemea. Alhamisi, mwili ulianza kumchemka. Akiwa darasani, sauti ya mwalimu ilimjia kutoka mbali, kama mtu anayeongea upande wa pili wa bonde. Madawati yalionekana kuyumba polepole. Aliona mlima ukisogea mpaka dirishani, mweupe na baridi, akanyoosha mkono auguse, na mkono wake ukagonga chupa ya maji ya jirani yake. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa jioni simu ililia. Bibi alikuwa na kawaida ya kuweka sauti kubwa, hivyo Dorkas, aliyekuwa amelala chumbani, alisikia kila neno.

"Shikamoo, bibi. Ni Asteria wa kliniki. Mbona hamkuja Jumanne?"

"Marahaba, mwanangu. Jumanne ipi? Si mlisema mmesogeza hadi mwezi ujao?"

"Hapana, bibi. Nilituma ujumbe. Niliwasubiri mpaka saa tisa."

Kisha Dorkas alisikia ndara za bibi zikija polepole. Bibi hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akafunua blanketi, akapapasa kigutu kwa vidole. Kilikuwa cha moto, na khanga ilikuwa imegandamana na kidonda.

"Macho yangu ni wewe, Dorkas," alisema. "Nikikwambia nisomee, nakuwa nimekupa macho yangu."

Dorkas aligeukia ukutani akalia.

Kesho yake waliteremka mjini Same kwa gari la asubuhi. Asteria alikuwa amekubali kuwafungulia kliniki ingawa ilikuwa Jumamosi. Chumba chake kilinukia plasta na gundi, na ukutani miguu ya urefu mbalimbali ilining'inia kama inasubiri kuitwa. Hawakuwa peke yao. Mzee Zephania, mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya pikipiki, alikuwa amekuja kubadilishiwa mto wa kiti chake cha magurudumu. Asteria alipitisha kiganja chake kati ya mto na mwili wa mzee, akapima, akatoa mto, akaupunguza upande mmoja, akarudisha, akapima tena. Alifanya hivyo mara nne bila haraka.

Ndipo akamgeukia Dorkas na kuinama mbele yake. Aliondoa khanga kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo.

"Hapa panauma?"

Dorkas alifikiria Shengena. "Hapana, daktari."

"Na hapa?"

"Hapaumi."

Mzee Zephania aligeuza kiti chake.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi kuanzia kiunoni kushuka chini sisikii kitu. Mwaka jana kidonda kilinila huku nyuma wiki tatu, na mimi nacheka na watu. Nililazwa miezi mitano. Nikipewa leo maumivu yangu, nitashukuru. Wewe umepewa, halafu unayaziba mdomo?"

Dorkas alimtazama mzee, kisha akamtazama bibi aliyekuwa amekaa kwenye benchi, macho yake meupe yameelekea dirishani.

"Panauma," alinong'ona. "Panauma sana. Maumivu yana wiki tatu. Na ujumbe niliusoma, nikamdanganya bibi. Bibi, nisamehe."

Bibi alinyoosha mkono, Dorkas akaushika.

Asteria alimpeleka Dorkas kwa daktari wa vidonda, ambako alichomwa sindano na kupewa dawa. Kisha Asteria akamweleza ukweli wote: hatavaa mguu mpaka kidonda kipone kabisa. Kingezidi kidogo tu, kingefika mfupani, na pengine mguu wake ungekatwa tena, juu ya goti.

Siku ya safari, Dorkas aliketi barazani na magongo yake, akawatazama wenzake wakiingia katika ukungu mmoja mmoja mpaka sauti zao zikayeyuka. Ilimuuma. Lakini hakumficha bibi kuwa inamuuma.

Wiki saba baadaye kidonda kilikuwa kimefunga. Asteria alikizungushia kigutu bandeji za plasta ili kupata umbo jipya. Plasta ilipata joto taratibu, na Dorkas akasinzia, akaona kama amesimama mtoni kwenye maji yaliyopashwa na jua. Siku chache baadaye mguu mpya ulikuwa tayari. Alisimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bibi alisikia hatua zile akapiga makofi.

Katikati ya furaha ile Dorkas akasimama.

"Daktari, hapa mbele panabana. Kidogo tu, lakini panabana."

Asteria alitabasamu. Alimvua mguu, akakipasha moto kikombe, akakitanua kwa upole, akamvisha tena.

"Sikiliza, Dorkas," alisema. "Naweza kupima urefu wako, uzito wako, na upana wa kigutu chako. Kipimo cha maumivu yako sina. Kipo kwako peke yako. Ukiniambia ukweli, tunatengeneza mguu pamoja. Ukinificha, nafanya kazi gizani, na atakayeumia ni wewe. Anayesema ukweli kuhusu mwili wake ndiye anayesaidika."

"Nimeelewa, daktari."

"Sasa je?"

Dorkas aliuegemea mguu, akasikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Sasa haubani," alisema, akaviachia vyuma.