Chumba Nilichompangia Marehemu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja, na ni fundi cherehani hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Nilizaliwa Uvira, Kongo. Mafundi wenzangu wanashona sare za shule na magauni ya kwaya. Mimi nashona mapazia, mashuka na foronya, na ninapanga vyumba vya kulala, ndiyo maana sokoni wananitania kwamba nauza usingizi. Leo nataka kuwasimulia chumba kimoja nilichokipanga kwa moyo wangu wote, na jinsi kilivyonivunjia nyumba.

Kazi hii sikuisomea, ilinifundisha ndoa. Mume wangu, ambaye nitamwita Baba Neema kama nilivyomwita siku zote, alifika hapa kutoka Fizi akiwa hajui kulala. Mvua ikipiga bati, anaruka. Pazia jeupe likipepea, anaruka. Aliniambia kwamba nyeupe inamkumbusha mashuka waliyofunikwa nayo maiti wa kijijini kwake. Baada ya hapo sikuuliza zaidi...

Nikaanza na mvua. Niliunganisha magunia nikayatundika chini ya bati, chini yake nikavuta kitenge ili gunia lisionekane, na kishindo kikapungua. Nikahamisha kitanda, kichwa kikae ukutani mbali na dirisha, ili akifumbua macho auone mlango. Chandarua cheupe nikakichovya kwenye rangi ya nguo.

Ukabaki ukuta. Baba Neema ni fundi wa kupaka rangi nyumba huko Lilongwe, na alikuwa anarudi na mabaki ya makopo. Tukachanganya kijani na kahawia na njano kidogo, tukajaribu na kufuta, mpaka tukapata rangi ya sombe iliyotwangwa, yale majani ya muhogo tunayokula kila siku. Rangi ile haiuzwi katika duka lolote. Alinipaka puani, nami nikampaka shavuni, tukacheka kama watoto.

Na akalala, jamani! Asubuhi jua lilimkuta bado amelala, nami nikachemsha chai polepole nisije nikagonga sufuria. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jambo moja tu lilinishinda. Kila alipotaka kulala, aliviweka viatu vyake chini ya kitanda vikiangalia mlango, kamba zimelegezwa, ili mguu uingie bila kutafuta. Wengi waliokimbia vita wana tabia hiyo. Nilimwachia. Nilijiambia kwamba siku moja atavisahau vimelala ubavu katikati ya chumba, na siku hiyo nitajua kwamba vita vimekwisha.

Sasa niwaeleze adabu moja ya kwetu, maana ndiyo iliyoniangusha. Mkimbizi anatakiwa akae kambini. Mwenye kibarua mjini bila kibali anaishi kwa kujificha, na mke wake hamuulizi analala wapi. Akija mtu kuuliza, mwanamke ajibu bila kusema uongo kwamba hajui. Hivyo ndivyo tunavyowalinda waume zetu. Baba Neema alipokuwa anaondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi, sikuuliza. Alipoanza kuruka wiki moja bila kuja, sikuuliza. Alipokaa mwezi mzima, nilisema moyoni, maskini, msako wa polisi umekuwa mkali.

Kuna siku aliniomba nimshonee kifuniko cha kitanda kama chetu, akatandike huko kwenye chumba cha mafundi. Nilikishona kwa mahaba yote. Nikakitia pindo la kahawia nikalipitisha sindano mara mbili, kusudi lidumu.

Mwanamke ninayetaka kuwatajia sasa ni Mama Furaha. Ni mjane mzaliwa wa Kindu, Kongo, anayeishi Likuni pembeni ya Lilongwe, na siku za soko alikuwa analeta vitenge vyake hapa Dzaleka. Mimi nilikuwa mteja wake, kisha tukawa marafiki. Siku moja alikaa kwenye benchi langu, uso unang'aa, akaniambia ameolewa tena, kimya kimya, mbele ya ndugu zake wachache.

"Lakini dada, bwana yangu iko na shida ya usingizi," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Kidogo tu, anashituka."

Nikamtania. "Labda iko na bibi mwengine anamuwaza."

"Alikuwa naye. Alikufa ku njia, wakati balikuwa banakimbia vita. Ule mama njo alimufundisha kulala." Akajifuta jasho. "Mi sina wivu na mufu, dada. Nataka we unitengenezee chumba yenye itamupumuzisha. Ule mama asikuwe alikufa bure."

Wasomaji wenzangu, nililia. Nilimlilia yule marehemu nisiyemjua, aliyemtuliza mume wake kisha akaachwa njiani bila hata jiwe la kumtambulisha. Mtaniuliza, je, hukushtuka? Ningeshtuka vipi? Hapa kambini nusu ya wanaume wanashtuka usingizini, na nusu ya wajane wamezikiwa watu wao njiani. Nilimpa siri zangu zote. Nilimwambia asiweke nyeupe wala nyekundu. Pazia liwe zito, lenye bitana, lisipepee. Mito iwe ya sufi, maana sponji inapasha kichwa joto. Yeye akanitazama kwa mshangao.

"Unasema kama vile unamujua," akasema, tukacheka.

Alitaka mumewe akute kila kitu tayari, afurahi bila kutarajia. Kwa hiyo tulichagua siku ambayo mume angekuwa kazini mpaka jioni. Nilimwacha mwanangu Neema kwa jirani, nikapanda minibasi mapema na furushi langu la mapazia, na kutoka barabarani nikachukua kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka mlangoni kwa Mama Furaha. Alinipokea kwa chai na mandazi. Kisha akafungua mlango wa chumba cha kulala.

Ukuta ulikuwa na rangi ya sombe.

"Njo yeye mwenyewe alipaka," akasema kwa kujivuna. "Alichanganya makopo siku nzima."

Nilijiambia rangi zinafanana. Nikaingia. Kichwa cha kitanda kilikuwa ukutani, mbali na dirisha. Nikajiambia hata hilo si ajabu. Lakini kitandani kulikuwa na kifuniko chenye pindo la kahawia, na mkono wangu ulipolishika, ulijua ile sindano iliyopita mara mbili. Mkono ulijua kabla yangu...

Nikainama kama ninayepima miguu ya kitanda. Viatu vilikuwepo, vinaangalia mlango. Kamba ya kushoto ilikuwa uzi wa pazia, nilioutia mwenyewe kamba ya zamani ilipokatika.

Hivi ningesema nini? Kwamba marehemu ni mimi? Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu akiwa na furaha ya bibi harusi, ameshika pini za pazia kwa vidole viwili. Nikapanda kwenye kiti nikaanza kutundika. Mikono yangu ilifanya kazi, mimi sikuwepo. Nilikumbuka lile jua la asubuhi, na chai, na sufuria niliyoogopa kuigonga. Nilikuwa nimemtuliza ili aje apumzike hapa?

Rangi zilimwishia Baba Neema huko kazini. Ndiyo sababu alirudi mchana, akiwa amevaa ndala zake za kazi zenye madoa. Mama Furaha alimsikia, akamvuta kwa mkono mpaka chumbani.

"Angalia! Nilikuletea fundi wa Dzaleka."

Baba Neema akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa juu ya kiti, pazia mkononi. Nilidhani nitapiga kelele mtaa mzima ujae. Sauti iliyonitoka ilikuwa ndogo, hata mimi niliishangaa.

"Karibu, Baba Neema. Marehemu njo amekuja kutundika rido."

Mama Furaha alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Neema ni nani?"

"Mutoto yake. Iko na miaka saba," nikamjibu. "Na mi njo ule bibi mwenye alikufa ku njia."

Akakaa kitandani polepole, pini zikamwagika. Sote wawili tukamngoja aseme. Nawaapia, hata uongo ningeupokea siku ile. Angesema nina wazimu, ningejua kwamba amehangaika kidogo kwa ajili yangu. Badala yake aliinama, akavivuta vile viatu kutoka chini ya kitanda. Miguu ikaingia bila kutafuta, kama alivyojizoeza miaka yote. Akatoka, na mlango akauacha wazi.

Hatukumfuata. Tulikaa juu ya kile kifuniko, wake wawili wa mtu mmoja, tukilia kila mmoja upande wake. Mama Furaha aliniomba msamaha, nami nikamwambia hana kosa, aliniheshimu kuliko mume wangu, kwa sababu yeye alinikumbuka hata nikiwa mfu. Alitaka nichukue kifuniko changu. Nilikiacha.

Tangu siku hiyo simu ya Baba Neema haipatikani. Mmoja anasema alimwona kule Mitundu akipaka duka la mtu. Mwingine anasema yuko Afrika Kusini. Mama Furaha hawezi tena kuja sokoni kwetu, vitenge anawapa wenzake wanauza. Simchukii, lakini urafiki wetu haukuweza kusimama.

Mimi muuza usingizi sikuwa na usingizi. Nililala jikoni juu ya mkeka kwa sababu ule ukuta wa kijani ulikuwa unanikaba. Mwishowe nikaamua kuupaka upya, na hapo ndipo nilipokwama. Nilisimama dukani mbele ya makopo nisijue ninapenda rangi gani! Miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza. Nikakumbuka nyumba ya mama yangu Uvira, kuta za chokaa, mapazia meupe, upepo wa ziwa unaingia. Nyeupe ndiyo rangi yangu, na niliizika nikiwa hai kwa sababu ya mtu ambaye naye alinizika. Sasa chumba changu ni cheupe mpaka chandarua.

Dada zangu, nawasihi. Tunyamaze mbele ya polisi ikibidi, lakini tusiulete ukimya huo kitandani. Muulize mumeo analala wapi. Akikasirika, muulize tena. Na ukipanga chumba cha kumpumzisha mwenzako, acha hata foronya moja ya rangi unayoipenda wewe, ili akiondoka ubaki na pa kulaza kichwa.

Kinachoniumiza zaidi ni Neema. Amechukua tabia ya baba yake, kila jioni anaviweka viatu vyake chini ya kitanda vikiangalia mlango. Anasema baba akija kutuchukua atukute tayari. Sina moyo wa kumkatalia, kwa hiyo namsubiri asinzie, kisha naenda kuvigeuza. Jana nilipoinama kuvigeuza, nilikuta ameviweka na vyangu pia, vinaangalia mlango.