Pengo la Dakika Mbili

SAA 9:15 ALASIRI, JUMATANO

Kobe alichora uwanja wa ndege kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha nyuma ya gereji. Mstari mrefu: njia ya kurukia. Duara nyuma ya banda bovu: hapo.

"Ndege ya mizigo itasimama hapa. Mpakiaji wetu hatakaza mlango. Dhahabu inashuka, inaingia kwenye gari la usafi. Nataka dakika saba. Fundi, nitazipata?"

Fundi alikuwa mwongoza ndege, mtu wa mnarani anayeamua ipi itue na ipi ingoje. Saa nne asubuhi foleni hujaa angani na chini. Ndege moja ikicheleweshwa, hakuna anayeshtuka.

"Utazipata. Kisha mtavuka njia ya kurukia hadi geti la zimamoto. Nitawafungulia pengo la dakika mbili. Nisiposema 'vuka', msithubutu."

"Ukitugeuka, wakubwa wako watajua kuhusu zile ndege mbili zilizonusurika kugongana mikononi mwako."

Kosa lile Fundi alilificha miezi miwili. Alimwambia mtu mmoja tu: shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa gari hilo la usafi. Akamtazama. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ulimwambia?"

"Walinibana, shem."

SAA 4:38 ASUBUHI, ALHAMISI

"Ndege ya mizigo, simama nyuma ya banda."

"Tena?" rubani alinung'unika. "Tulikuwa wa pili."

"Foleni, kaka. Vumilia."

Fundi akatanguliza ndege tatu za abiria. Msimamizi, mama aliyemfundisha kazi, alisimama nyuma yake na kikombe mkononi.

"Leo wa mizigo umewakalia kooni."

"Wa abiria wamechelewa sana, mama."

Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

SAA 4:46

Kwenye darubini, gari la usafi lilikuwa limefika ukingoni mwa njia ya kurukia. Ndani yake Kobe, wenzake wawili na masanduku.

"Gari la usafi tayari kuvuka," shemeji alisema redioni.

Fundi alifungua mdomo kuwapa pengo lao. Sauti nyingine ikamwahi.

"Mnara, injini moja imezimika. Abiria mia na arobaini. Natua sasa hivi."

Pengo likafa hapo hapo.

"Tua. Zimamoto, tokeni! Gari la usafi, baki hapo."

Shemeji akabana kitufe cha redio kujibu. Mnara mzima ulimsikia Kobe. "Ametugeuka huyo. Kanyaga!"

Gari likasogea. Ndege ilikuwa juu ya uzio, matairi chini.

Angenyamaza, wangekufa wote, na siri yake ingekufa nao.

"Shemeji, breki! Ndege iko juu yako! Breki!"

Gari likasimama ghafla, pua yake imeingia njiani. Ndege ikagusa lami, bawa likapita mbele ya kioo, ikaenda zake. Kitufe kikabanwa tena, na redioni ukasikika mlio mmoja mkavu wa bastola.

Magari ya zimamoto yalikuwa tayari njiani kuifuata ndege. Mengine yakageuka, yakalizunguka gari la usafi kila upande. Kobe, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alishuka mbio. Hakufika mbali.

SAA 4:49

"Shemeji?" msimamizi aliuliza polepole.

Askari wawili waliingia. Mama akawazuia kwa kiganja.

"Hewani zimebaki ngapi?"

"Sita."

"Mwenzako anapanda ngazi sasa hivi. Mpaka afike, zishushe. Mimi nakusikiliza."

Fundi akaishusha ya kwanza kwenye njia ya pili, ikatua vizuri. Akabana kitufe.

"Zimamoto, dereva wa gari la usafi?"

"Ametutoka, mnara."

Rubani wa ndege ya pili alikuwa anaita. Fundi akamjibu kwa sauti ileile ya kila siku, akamtajia kasi ya upepo, akamshusha. Machozi yalidondokea karatasi za ratiba ya ndege.

Mwenzake alipofika, Fundi alivua vipokea sauti, akasimama. Simu yake ikaanza kutetemeka mezani. Mkewe.

"Pokea," mama alisema.

Fundi alitikisa kichwa, akawanyooshea askari mikono wamfunge pingu.