Ngamia wa Alhamisi

Walikutana sokoni Isiolo, Lorna akiinamia vinyago vya Ewesit, rinda lake la manjano likizoa vumbi. Alichagua mbuzi ishirini wa mbao kwa mkupuo.

"Mrembo, unafungua boma?"

"Mimi ni mshauri wa watoto. Mtoto akishindwa kusema, huwa anacheza."

Miezi minane baadaye penzi lilikuwa limemkolea Ewesit. Akamchongea Lorna ngamia mwenye uzi mwekundu shingoni. "Huyu si wa kazi," alimwambia. "Huyu ni wako."

Basi niambieni, huyo ngamia alifikaje mfukoni mwa mwanaume mwingine? Ewesit alimwona Alhamisi, nje ya ofisi ya Lorna: jamaa mrefu, kanzu imenyooka kwa pasi, manukato mpaka barabarani, na kichwa cha ngamia kikichungulia mfukoni. Hakuona kitu kingine. Wivu ulimkaba, akapiga simu papo hapo.

"Yule wa kanzu ni nani?"

"Siwezi kukuambia, mpenzi."

"Kwani ni siri?"

"Ni kazi. Wanaokuja kwangu siwataji, hata kwako."

"Na ngamia wangu pia ni kazi?"

"Niamini tu."

"Nikuamini wapi!" Akakata simu.

Wiki nzima alikataa simu zake, akila wivu asubuhi na jioni. Alhamisi iliyofuata alimvizia yule jamaa mlangoni, akamchomoa ngamia mfukoni.

"Huyu umepewa na nani?"

Lorna akatoka mbio. "Ewesit, mrudishie!"

Nyuma ya kanzu akachomoza msichana wa miaka saba, hijabu ya zambarau. Akamshika Ewesit suruali.

"Nipe mama," alisema.

Baba yake, Arero, aliketi palepale mavumbini na kanzu yake nyeupe, akalia. "Tangu tumzike mamake, miezi mitano, Habsa hajasema neno. Kumbe huyo ngamia kwake ni mama. Madam alimruhusu alale naye mpaka Alhamisi."

Ewesit alitamani ardhi immeze. Alipiga magoti, akamrudisha ngamia kwa mikono miwili. "Pole, Habsa. Pole sana."

Lorna akawaingiza ndani, mlango ukafungwa. Ewesit alingoja saa nzima mpaka Lorna akatoka peke yake, macho mekundu.

"Ungemfunga mdomo mtoto huyu milele, unajua?"

"Najua. Wivu ulinipofusha. Lorna, nikubalie nikuoe."

"Leo? Huna haya wewe!" Akaonyesha benchi la nje. "Kaa hapo Alhamisi kumi bila kuniuliza jina la mtu. Halafu tutaongea."

Akakaa. Alichonga, akahesabu siku, na kila mwanaume aliyeingia alimchoma roho. Habsa alikuwa akimpita na ngamia wake mkononi, akimsalimia kwa jina.

Alhamisi ya kumi akaja mwingine, mrefu kumshinda Arero, suti ya buluu, viatu vinang'aa, akiutabasamia mlango wa Lorna. Ewesit aliuma meno. Halafu akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

Lorna alikuwa amechungulia, akaona yote.

"Ndiyo, nioe," alisema, akarudi kazini.