Doa la Kumi na Mbili

Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu haya mawili, msiniletee ubishi. Rafiki yangu, fundi wa mashine ya picha hospitalini, alikuwa hoi bin taabani. Siku hiyo ubongo wa marehemu mmoja, uliokaa miaka mitatu kwenye dawa ya kuuhifadhi, ulipaswa kupigwa picha mara mbili. Kila doa jeusi pichani ni tone la damu iliyovuja, na hesabu lazima zilingane.

"Kaka, hayo macho au vifungo?" daktari alishamwambia. "Ukikosea tena, kazi huna."

Asubuhi alihesabu madoa kumi na moja. Mchana, chumbani gizani, mashine ikigonga ko, ko, ko, akapata kumi na mawili.

"Nimechoka tu," akanong'ona, akaizima. Kugonga kukaendelea.

Uongo wangu ni mmoja: doa jipya halikuwa moja. Tuliacha kuhesabu madoa yalipofika arobaini, na yalikuwa bado yanachomoza.