Wivu Ulinifanya Ninunue Gari la Spoti Bila Kuliwasha Likiwa Baridi

Ndugu wasomaji, mimi ni mzee wa miaka sitini na mmoja, mstaafu wa serikali na mkazi wa Vwawa. Katika utumishi wangu nilikuwa afisa usafirishaji wa wilaya, na hakuna gari lililotumika lililoingia kwenye yadi yetu kabla sijalikagua. Naeleza hayo mapema ili msidhani kwamba niliponzwa na ujinga. Laiti ningekuwa mjinga, labda ningepata usingizi...

Nilijua! Hilo ndilo linaloniuma.

Nilijua kwamba kila aina ya injini ina ugonjwa wake unaofahamika, na kwamba mnunuzi mwenye akili huulizia ugonjwa huo kabla hajaulizia redio. Kwa gari dogo la spoti la aina niliyonunua, ugonjwa ni kuungua kwa gasketi ya silinda hedi. Dalili zake huonekana asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukifungua mfuniko wa rejeta na kuwasha, maji hutoa mapovu. Bomba la nyuma hutoa moshi mweupe usiokoma. Chini ya mfuniko wa oili unakuta utando kama maziwa yaliyoganda. Injini ikishapashwa moto, muuzaji mjanja anaweza kukuficha mengi. Kwa hiyo kanuni yangu kazini ilikuwa hii: kwanza weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho.

Kwa nini basi, siku ya zamu yangu mwenyewe, sikuweka kiganja?

Kwa sababu ya mtu anayeitwa Silwimba.

Bwana Silwimba ni rika langu. Tulisoma pamoja na tukastaafu mwaka mmoja. Kabla sijamposa mke wangu, Mama Neema, mshenga wa Silwimba alikuwa ametangulia kufika kwao, akarudishwa. Mimi nikakubaliwa. Mngetarajia aliyekataliwa ndiye awe na wivu, sivyo? Kwetu ikawa kinyume. Silwimba hakununa hata siku moja. Aliendelea kumwita mke wangu shemeji, akimtania na kumchekesha, na kila mke wangu alipocheka, mimi nilihisi kama nimeibiwa kitu nyumbani kwangu.

Alipostaafu akaenda Dar es Salaam na kurudi na gari jekundu la spoti, milango miwili, linalonguruma kama chui. Vwawa nzima ilisimama kando ya barabara kulitazama!

Siku moja alimkuta mke wangu akitoka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani.

“Shemeji,” akamwambia, “mpaka leo unabeba ndizi kichwani kama tuko shule ya msingi? Ingia bwana, nikufikishe.”

Nilikuwa kibarazani walipofika. Mkungu wa ndizi ulikuwa umeketi kiti cha nyuma kama abiria, na mke wangu alishuka akicheka hadi machozi. Hakuwa amecheka hivyo na mimi kwa muda mrefu sana. Nilijibu salamu ya Silwimba kwa adabu zote, nikaingia ndani, na chakula cha siku ile sikukigusa...

Ndipo binti yetu wa pekee, Neema, akachumbiwa. Alikuwa akifanya kazi na kusali Tunduma, kwa hiyo ndoa ikapangwa kufungwa huko. Kamati ya harusi ikakaa nyumbani kwangu na kuamua, tena kwa makofi, kwamba bibi harusi atabebwa na gari jekundu la Bwana Silwimba. Mimi mzazi niliulizwa mwisho!

Nikasimama na kusema, “Nawashukuru wajumbe. Usafiri wa binti yangu atautafuta baba yake.”

Kesho yake nilikuwa Tunduma, kwenye uwanja ambako magari yaliyotoka bandarini husimama yakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Dalali mmoja, Lameki, alinipokea kwa unyenyekevu na neno la heshima alivyojifunza kwa wateja wa Kizambia.

“Shikamoo mzee wangu. Karibu, mukwai. Hili la bluu limetengenezwa kwa ajili yako.”

Lilikuwa zuri kuliko la Silwimba. Lilikuwa jipya zaidi, na lilinguruma kwa sauti nzito zaidi. Nikauliza habari za injini, na Lameki akanipa lile neno ambalo sisi wa njia hii kuu hulikubali kama cheti.

“Mzee, gari limetoka Dar kwa magurudumu yake. Limepanda Kitonga! Gari bovu linapanda Kitonga?”

Wangapi wamenunua mikweche Tunduma kwa neno hilo? Gari hupanda Kitonga likiongezwa maji kila kituo, likaoshwa na kung’arishwa, nasi tunalipokea kana kwamba mlima umelikagua kwa niaba yetu. Kazini nisingekubali upuuzi huo. Nikafungua mdomo kusema kwamba nitarudi asubuhi nilione likiwashwa baridi. Lameki akaniwahi.

“Ila kuna mzee mmoja wa kwenu Vwawa, ana spoti nyekundu. Amekuja kuliangalia juzi. Akitokea leo jioni, mimi nitamwambiaje?”

Silwimba! Awe na mawili? Amlete binti yangu kanisani kwa jekundu, na mke wangu ampeleke sokoni kwa la bluu?

Niliona joto likicheza juu ya boneti. Nikatia mikono yote miwili mifukoni. Saa ile ile nikalipa, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu ikaishia pale.

Niliporudi nyumbani, mke wangu alilizunguka gari mara moja, uso ukabadilika.

“Baba Neema, hili si lile lililokuwa kwa Lameki? Silwimba alinieleza kwamba...”

“Usinitajie jina hilo ndani ya uzio wangu!”

“Nisikilize kwanza, mume wangu.”

“Alikueleza lini? Mlikuwa wapi?”

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akaingia jikoni, na habari ile hakuirudia tena.

Asubuhi iliyofuata niliwasha gari likiwa baridi. Moshi mweupe ukajaza ua. Nikajiambia ni baridi ya Vwawa, maana kwetu msimu ule kila bomba hutoa mvuke. Maji ya rejeta yakawa yanapungua, nami nikawa nayaongeza kimyakimya kila kulipokucha. Kwenda kwa fundi sikuthubutu. Fundi angesema, na Silwimba angesikia! Kwani kuna mateso kama kumfichia mtu aibu ambayo yeye ameshaijua?

Siku ya harusi nilivaa suti nyeusi, nikamketisha Neema kando yangu na shela lake lote. Nyuma yetu lilifuata gari jekundu, na nyuma yake basi dogo lenye mama yake na mashangazi wakipiga vigelegele. Nawaambia ukweli, kutoka Vwawa nilikuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote wilayani.

Tulipofika Mpemba, karibu na Tunduma, tukakuta foleni ya maroli ya kuvuka mpaka. Tukawa tunasogea hatua kwa hatua, injini ikinguruma bila upepo wa kuipoza. Mshale wa joto ukapanda... ukapanda... na ghafla mvuke ukaruka kutoka chini ya boneti, gari likazimika! Neema akapiga kelele. Matone ya maji machafu yakatua kwenye kioo mbele ya uso wake.

Silwimba akaja mbio. “Kaka, usifungue rejeta, utaungua. Mpeleke mtoto kwangu.”

“Litapoa,” nikajibu. “Litawaka. Rudi kwenye gari lako.”

Madereva wa maroli walikwisha kushuka kutazama. Kijana wa bodaboda akasimama kando yangu.

“Mzee, spoti imechoka? Panda huku, sisi hatuchemki!”

Wakacheka wote. Hapo mke wangu akashuka kwenye basi, akafungua mlango wa gari langu.

“Neema, shuka mwanangu. Mchungaji ana ndoa nyingine baada ya yako.”

Binti yangu akanitazama. “Baba, twende wote kwa basi...”

“Tangulieni!” nikasema. “Nitawapita njiani!”

Silwimba akapita pembeni ya barabara na binti yangu, basi likamfuata. Nikabaki na gari. Nilijaribu kuliwasha hadi betri ikaisha nguvu. Mwishowe nikaipanda ile bodaboda, suti ikijaa vumbi la maroli.

Nilifika mlangoni mwa kanisa mchungaji akiuliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe.

“Ni mimi, kwa niaba ya baba yake,” ikajibu sauti ya Silwimba.

Alikuwa amesimama mahali pangu, mkono wa Neema juu ya mkono wake.

Usiku wa sherehe nilimuuliza mke wangu nani aliyemchagua mtu yule. Akajibu bila kupandisha sauti.

“Mimi. Alilitazama gari lile asubuhi likiwa baridi, akaona mapovu, akalikataa. Siku uliyokwenda Tunduma akaniambia nikuonye, maana yeye usingemsikiliza, nawe ukarudi umeshalinunua. Na mimi hukunisikiliza. Nimekaa na wewe miaka yote hii, Baba Neema, kumbe hujawahi kuniamini hata kidogo.”

Gari lipo mpaka leo nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake. Sebuleni kuna picha ya binti yetu akiingia kanisani, na wageni huniuliza, “Huyu mzee nadhifu ni baba mkwe?” Silwimba hajanisimanga hata mara moja, nami namchukia kwa hilo pia. Mama Neema ananipikia, ananijali, lakini hanionyi tena juu ya jambo lolote... Mnajua inavyouma, mke kuacha kukuonya?

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukienda kununua gari, ulizia ugonjwa wa injini yake, na uweke kiganja juu ya boneti hata kama nyuma yako amesimama mtu unayemchukia kuliko wote duniani. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Akilichukua yeye, mwache alichukue!

Na mkeo akisema, “Nisikilize kwanza,” keti chini umsikilize.